Pumzi Kama Kipimo: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Maumivu ya Mwili kwa Kupumua na Kujongea Taratibu

Mwili unapouma, jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kujua ni kubana pumzi. Mtu akiinama kuokota kitu na kiuno kikamshika, pumzi husimama kabla hajatamka neno. Akigeuza shingo iliyokakamaa, kifua hukaza na meno hukutana. Kubana huku ni njia ya mwili kujikinga, kwa kuwa misuli iliyo karibu na sehemu inayouma hujikaza ili sehemu hiyo isisogee. Kinga hiyo hufaa kwa siku chache baada ya kuumia, lakini ikiendelea kwa majuma, misuli iliyokazwa huchoka na yenyewe huanza kuuma, na mgonjwa hushindwa kutofautisha maumivu ya awali na yale yaliyoletwa na kujikinga.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutoa mwili katika hali hiyo kwa kutumia pumzi na mijongeo midogo. Msingi wake ni mmoja, nao utarudi katika kila hatua: pumzi ni kipimo cha zoezi. Mjongeo unaoweza kuufanya huku pumzi ikipita bila kukwama ni mjongeo ambao mwili wako unaukubali leo; mjongeo unaokufanya uzuie pumzi umezidi, hata kama jana uliuweza. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza miezi mingi nikinyoosha mgongo kwa nguvu, nikiamini kwamba anayejivuta zaidi ndiye anayepona haraka, na asubuhi nyingi niliamka nimekakamaa kuliko nilivyolala.

Kwa nini pumzi hugusa maumivu

Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, ambacho ni msuli mpana wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Kingo zake zimeshikamana na mbavu za chini, na kwa nyuma kimejishikiza kwenye pingili za juu za kiuno. Ukivuta hewa, kiwambo hushuka, tumbo hujaa mbele na mbavu za chini hupanuka. Ukitoa hewa, hupanda tena. Kwa hiyo kila pumzi husogeza kidogo mbavu na uti wa mgongo, na mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtu anayepumua juu juu kwa muda mrefu huitegemea zaidi misuli ya shingo na ya juu ya mabega, ambayo kwa kawaida husaidia pale mwili unapohitaji hewa nyingi, kama vile wakati wa kukimbia. Shingo ya mtu wa namna hiyo inaweza kukandwa kila siku na bado ikarudi kukaza, kwa sababu kazi inayoichosha haijaondolewa.

Pumzi pia hufika kwenye neva. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo unapovuta hewa na hupungua unapoitoa, na mabadiliko hayo hupitishwa hasa na neva ya vagasi, ambayo hutoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Kutoa hewa polepole huipa nafasi sehemu ya mfumo wa neva inayohusika na utulivu, na utulivu una uzito katika maumivu, kwa kuwa ubongo haupimi tishu iliyoumia peke yake bali huchanganya humo hofu, uchovu, kukosa usingizi na kumbukumbu ya maumivu yaliyopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwa walio wengi kati ya wenye maumivu hayo hakupatikani ugonjwa au jeraha moja linaloweza kuonyeshwa kuwa ndilo chanzo. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ila chanzo chake kimesambaa, na kwa hiyo njia za kuyapunguza nazo ni zaidi ya moja.

Mjongeo una sababu yake pia. Gegedu inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka ndani yake kiungo kinapobanwa na kuachiliwa. Kiungo kisichosogezwa hukosa mzunguko huo, na ndiyo maana ukakamavu huwa mkubwa baada ya kulala au kuketi muda mrefu.

Wakati ambapo hupaswi kuanza

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha kwamba maumivu yako si ya aina inayohitaji daktari kwanza. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, kukosa pumzi kwa ghafla, au kichwa kinachouma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata ni dharura, na hakuna zoezi la kupumua linalostahili kuchelewesha safari ya hospitali. Vivyo hivyo, maumivu ya kiuno yanayoandamana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, kushindwa kukojoa, ganzi katikati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri, au mguu unaozidi kuishiwa nguvu ni dharura, kwa kuwa huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha madhara ya kudumu. Mwone daktari mapema pia ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, ikiwa yanaambatana na homa au kupungua uzito bila sababu, ikiwa umewahi kuugua saratani, au ikiwa mguu mmoja umevimba nyuma chini ya goti na una joto.

Mwenye mifupa iliyodhoofika, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu aulize kwanza kwa mtaalamu anayemhudumia. Mjamzito aliye katika miezi ya mwisho asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi unaweza kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo; afanye hatua za kupumua akiwa ameketi au amelala kwa ubavu.

Matayarisho

Tandika mkeka au blanketi nene sakafuni. Godoro laini hufuata umbo la mwili na hivyo kukuficha mambo ambayo sakafu ingekuonyesha, lakini ikiwa kushuka sakafuni au kuinuka kutoka hapo ni shida, kitanda kitafaa. Weka mto mdogo au taulo iliyokunjwa chini ya kichwa, kiasi cha kuzuia kidevu kisielekee juu. Kunja magoti na ukanyage sakafu kwa nyayo, au weka miguu juu ya kiti ikiwa kiuno kinauma sana. Usianze ukiwa umeshiba, wala usianze ukiwa na baridi. Tenga dakika 20, na ikiwa huna muda huo, fanya hatua tatu za kwanza pekee badala ya kuzipitia zote kwa haraka.

Hatua ya kwanza: kusikiliza kabla ya kubadilisha

Lala chali na ukae hivyo kwa dakika tatu bila kurekebisha chochote. Pita mwilini kwa akili kuanzia visigino hadi nyuma ya kichwa, ukiuliza maswali mepesi: kisigino kipi kimelemea sakafu zaidi? Kuna nafasi kiasi gani kati ya kiuno na sakafu? Bega lipi liko mbali na sakafu? Taya imekazwa? Kisha yape maumivu namba kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kutokuwepo kwa maumivu na 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Namba hiyo utaihitaji mwishoni na tena kesho asubuhi.

Baada ya hapo tafuta sehemu moja ya mwili ambayo haiumi, hata kama ni kiganja au pua, na ukae nayo kwa muda. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kuwa zoezi, nami naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyechunguza utulivu wa misuli katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alijenga njia yake yote juu ya jambo hili: mtu hubeba mkazo asioujua, na hawezi kuuachia mkazo ambao hajauhisi.

Hatua ya pili: kuipata pumzi ya chini

Weka kiganja kimoja juu ya tumbo, chini kidogo ya kitovu, na kingine ubavuni kwenye mbavu za chini. Anza kwa kutoa hewa, polepole, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo, kisha ungoje. Pumzi inayofuata itaingia yenyewe, nawe utaona kwamba inashuka chini zaidi kuliko ile ambayo ungeivuta kwa makusudi. Pumua kwa pua ikiwa haijaziba.

Usilisukume tumbo lipande. Tumbo linalosukumwa kwa misuli yake lenyewe si tumbo lililojaa kwa sababu kiwambo kimeshuka, na mwenye kiuno kinachouma anaweza kuongeza mkazo kwa kulisukuma. Angalia badala yake kama mbavu za chini zinafunguka kwenda pembeni, na kama mgongo wa chini unalemea sakafu kidogo zaidi au unajiinua kidogo hewa inapoingia. Ikiwa huhisi chochote tumboni, geuka ulale kifudifudi, paji la uso likiwa juu ya migongo ya viganja, na ukipumua utahisi kiuno kikipanda na kushuka. Mkao huo usikulazimishe. Kama unaongeza maumivu, rudi chali.

Hatua ya tatu: kurefusha pumzi inayotoka

Pumzi ikishatulia, anza kuhesabu kimoyomoyo. Vuta hewa kwa hesabu ya tatu na uitoe kwa hesabu ya nne. Baada ya pumzi kama kumi, ikiwa hakuna taabu, vuta kwa hesabu ya nne na utoe kwa hesabu ya sita. Kwa kuwa hesabu moja ni kama sekunde moja, utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, mwendo ambao watafiti wa mapigo ya moyo wameuchunguza sana kwa sababu katika mwendo huo mapigo huelekea kupanda na kushuka kwa kulingana vizuri na pumzi. Endelea kwa dakika tano.

Kuna kosa moja ambalo huwaharibia wengi hatua hii, nalo ni kudhani kwamba pumzi ya polepole lazima iwe kubwa sana. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni kama nusu lita ya hewa, na ya polepole huongezeka kwa kadiri mwili unavyohitaji, bila kujazwa hadi mwisho. Ukijaza kifua kupita haja, pumzi baada ya pumzi, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua mno katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu na michomo midogo kwenye vidole na midomo. Ukipata dalili hizo, acha kuhesabu na upumue kama kawaida hadi ziishe.

Wapo pia watu ambao kuifuatilia pumzi huwaongezea wasiwasi badala ya kuupunguza, hasa waliowahi kukosa hewa kwa sababu ya pumu au hofu kali. Mtu wa namna hiyo afungue macho, aelekeze fikira kwenye nyayo zinazogusa sakafu, na atoe hewa huku akivumisha sauti kwa midomo iliyofungwa. Mvumo huo hurefusha pumzi bila yeye kuisimamia.

Hatua ya nne: kubingirisha nyonga

Hapa ndipo mjongeo unapoanza, na hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi zaidi. Ukiwa chali na magoti yamekunjwa, fikiria uso wa saa uliolazwa juu ya sehemu ya chini ya tumbo lako, namba 12 ikiwa upande wa kitovu na namba 6 upande wa kifandugu. Unapotoa hewa, bingirisha nyonga kuelekea 12, ili kiuno kisogelee sakafu na mfupa wa kinena uelekee kitovuni. Unapovuta hewa, iache nyonga irudi kupitia katikati na kuelekea 6, ili nafasi ndogo ifunguke chini ya kiuno. Makalio hayanyanyuki, na nyayo hazisukumi kwa nguvu.

Fanya mara tano kwa ukubwa unaouona kuwa wa kawaida, kisha upunguze mjongeo huo uwe nusu. Baada ya mara tano nyingine, upunguze tena nusu, hadi mtu aliyesimama karibu nawe asiweze kuona kwamba unasogea. Moshé Feldenkrais, mhandisi na mwanafizikia aliyeishi kati ya mwaka 1904 na 1984 na ambaye jeraha la goti lilimfanya achunguze namna mwili unavyojifunza, alisisitiza mijongeo midogo isiyo na jitihada kwa sababu nguvu inapokuwa ndogo, tofauti ndogo huhisika. Ndivyo ilivyo kwa anayebeba gunia: nzi akitua juu yake hajui, lakini anayebeba unyoya hutambua.

Sasa sikiliza pumzi. Kuna mahali, mara nyingi kabla tu ya kufika 6, ambapo hewa husita, kana kwamba imegonga ukingo. Usiuvuke ukingo huo. Rudi nyuma kidogo, utoe hewa, na ukaribie tena mara tatu au nne bila kuugusa. Kwa watu wengi ukingo husogea wenyewe baada ya dakika chache, na ukisogea, utaujua kwa sababu pumzi itapita pale ilipokuwa ikisita. Usiposogea leo, uache hapo ulipo. Kisha pumzika, miguu ikiwa imenyooshwa au imekunjwa, na ulinganishe nafasi iliyo chini ya kiuno na ile uliyoiona mwanzoni.

Hatua ya tano: kuyaacha magoti yaelekee pembeni

Sogeza nyayo ziwe mbali kidogo kuliko upana wa nyonga. Ukitoa hewa, yaache magoti yote mawili yaelekee kulia kwa umbali wa vidole vichache tu. Ukivuta hewa, yarudishe katikati. Ukitoa tena, yaelekee kushoto. Hesabu hadi mara kumi kila upande. Upande mmoja utakuwa mwepesi kuliko mwingine, na kishawishi ni kuung'ang'ania ule mgumu. Fanya kinyume chake: rudia ule mwepesi mara tano zaidi, polepole, ukitazama namna mbavu na bega vinavyousindikiza mjongeo, kisha ndipo urudi kwenye ule mgumu. Mara nyingi mwili hujifunza kutoka upande wake wenyewe usio na hofu.

Hatua ya sita: mabega na shingo

Hatua hii yaweza kufanyika ukiwa umeketi, hata katikati ya kazi. Vuta hewa huku ukiinua mabega yote mawili kidogo kuelekea masikioni, kisha utoe hewa huku ukiyashusha kwa kuchukua muda mrefu kuliko uliotumia kuyainua. Baada ya mara tano, geuza kichwa kulia hadi pale tu macho yanapokwenda bila jitihada, urudi, kisha ugeuze kushoto. Macho yatangulie na kichwa kifuate. Usizungushe kichwa chote kama gurudumu, hasa kukirudisha nyuma, ikiwa shingo inauma au una kizunguzungu.

Hatua ya saba: kuinuka

Faida ya dakika 20 inaweza kupotea katika sekunde mbili za kuinuka vibaya. Geuka kwanza ulale kwa ubavu, upumue mara mbili hapo, weka kiganja sakafuni mbele ya kifua, kisha usukume huku ukitoa hewa. Kanuni hii ya kutoa hewa wakati wa kutumia nguvu ichukue popote uendapo: unapoinuka kitini, unaponyanyua ndoo, unapomwinua mtoto. Mtu anayejizoeza kuinuka kitini mara kumi kwa siku bila kuzuia pumzi amefanya zoezi kubwa kuliko anavyodhani.

Kupima matokeo na kuongeza

Ukishasimama, tembea hatua chache na uyape maumivu namba tena. Kipimo cha maana zaidi, hata hivyo, ni cha kesho asubuhi. Ikiwa maumivu yaliongezeka kidogo wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa kabla ya asubuhi, kiasi ulichofanya kinafaa. Ikiwa umeamka yakiwa makali kuliko jana, usiache kabisa. Punguza idadi ya marudio na ukubwa wa mjongeo kwa nusu na ujaribu tena. Maumivu yanayoshuka mguuni au mkononi, au ganzi inayosambaa, ni alama ya kusimamisha zoezi na kutafuta ushauri wa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Vipindi vifupi vya kila siku vina faida kuliko kipindi kimoja kirefu cha mwisho wa juma. Baada ya majuma mawili au matatu ya utulivu, ongeza kutembea, ukianza na dakika chache na kuipa pumzi nafasi ya kukuamulia mwendo. Maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, ambayo madaktari huyaita maumivu sugu, hupungua kwa kupanda na kushuka, si kwa mstari mnyoofu, na mwongozo huu peke yake haupaswi kuchukua nafasi ya matibabu uliyopewa.

Siku ambayo maumivu yamepanda na hata kubingirisha nyonga hakuwezekani, lala kwa ubavu usiouma, weka mto kati ya magoti, na ufanye hatua ya tatu peke yake. Kisha, bila kusogea, ufikirie mjongeo wa hatua ya nne jinsi ungekuwa: wapi ungeanza, kiuno kingegusa sakafu wapi, pumzi ingesita wapi. Wengine hugundua kwamba pumzi husita hata katika mawazo. Ikisita, rudi nyuma kidogo, utoe hewa, na uanze tena kabla ya pale iliposita.